Kibao cha "Usiingie" kwenye shamba la nje ya Lubumbashi: kikae wapi, kiseme nini, kitengenezwe kwa kitu gani

Watu wengi wakishapata shamba njia ya Kasenga au njia ya Kipushi hupeleka kibao cha kwanza kwenye kona, kando ya jiwe la mpaka. Kona haipitiwi na mtu. Anayeingia shambani mwako hajui mstari wa kadastre (ramani rasmi ya mipaka). Anafuata njia ya mguu, ile ambayo baiskeli za makala (mkaa) zimeikanyaga mpaka udongo umekuwa mwekundu na mgumu kama sakafu. Kibao cha kwanza ni cha njia hiyo. Kona zitafuata.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata boliti moja, zunguka shamba lote ukihesabu njia. Fanya hivyo Juni au Julai, majani yakiwa yamekauka na macho yanafika mbali. Kwa kila njia andika inatoka wapi, inaishia wapi, nani anaipita, na anarudi amebeba nini: mfuko wa makala, beseni la uyoga, madumu ya maji, udongo wa kichuguu wa kufyatulia matofali, au hakuna kitu kwa sababu anakatiza tu kwenda kanisani. Daftari hilo ndilo litakalokuambia maneno ya kuandika. Mwenye shoka na mwenye dumu la maji hawasomeshwi kibao kimoja.

Njia ya maji usiifunge. Kama akina mama wa kijiji cha jirani wanashuka dembo (bonde lenye maji) kuchota maji kwa kupitia kwako, na walikuwa wanapita kabla yako, kibao cha kuwakataza kitang'olewa wiki hiyohiyo, na hakuna mtu kijijini atakayekuambia nani amekifanya hivyo. Waachie njia yenye upana wa mita mbili, weka mshale na maneno "NJIA YA MAJI, PITA HAPA", kisha ukataze kulia na kushoto kwake. Kibao kinachoonyesha pa kupita kinaheshimiwa kuliko kinachokataza tu, na wale wanaopitia njia hiyo kila asubuhi wanakuwa macho yako bila malipo.

Jambo la pili ni karatasi, na hapa wengi wanajidanganya. Kibao hakikupi haki yoyote. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, ardhi ni mali ya Serikali (kifungu cha 53). Wewe unapewa konsesio, yaani haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili, ile tunayoiita certificat d'enregistrement (kifungu cha 219). Kifungu cha 207 kinasema kutumia ardhi bila kibali cha sheria wala mkataba ni kosa la jinai. Mtu anayejenga kibanda kwako bila haki yumo ndani ya kifungu hicho, lakini hata wewe uliyenunua kwa maneno tu ukasimika vibao vya "propriété privée" (mali binafsi) unaweza kukutwa nacho. Karatasi ya chefu (chifu wa eneo) ni hatua nzuri na ya lazima vijijini, ila haichukui nafasi ya hati. Kwa ardhi ya vijijini sheria inataka pia uchunguzi wa awali kabla ya konsesio kutolewa, ili ijulikane nani tayari ana haki juu ya eneo hilo (kifungu cha 193). Kama uchunguzi huo ulirukwa, vibao ndivyo vitakavyoamsha kesi.

Simika vibao baada ya kupima na kuweka mawe ya mpaka, na siku ya kupima waalike majirani wa pande zote pamoja na mzee chefu au mjumbe wake. Jirani aliyeona jiwe likizikwa hatapinga kibao kilichosimama nyuma yake. Na kisimame nyuma kweli: mita moja ndani ya mpaka wako, kamwe si juu ya mstari wenyewe. Jiwe la mpaka ndilo mpaka. Kibao ni tangazo. Ukivichanganya, siku kibao kitakapoanguka na kusimikwa upya nusu mita pembeni, jirani atasema umeuhamisha mpaka, na atakuwa na sababu ya kusema hivyo.

Tukiwa Haut-Katanga lazima niongeze hili. Hati ya ardhi haikupi kilicho chini ya ardhi. Madini yana sheria yake, Code Minier ya 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, na vibali vyake vinatolewa kupitia kadastre ya madini. Kampuni yenye kibali halali haizuiwi na kibao chako. Mazungumzo nayo ni ya fidia. Dhidi ya wachimbaji wa mikono waliofuata jiwe la kijani la shaba, kibao peke yake hakifanyi kitu. Hapo unahitaji OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) na chefu mapema, kabla shimo la kwanza halijafika kiunoni.

Sasa tole, yaani bati la kibao. Nunua tole bapa ya mabati yenye unene wa milimita 1. Ile ya nusu milimita inajikunja kwa upepo wa kwanza wa mvua, na vijana wanaitoboa kwa manati. Kipimo kinachofaa njia za mguu ni sentimita 60 kwa 40. Tole ya mita 2 kwa mita 1 inatoa vibao 8 ukiikata hivi: gawa kwanza kwa urefu wake, ukanda mmoja wa sentimita 60 na mwingine wa sentimita 40. Ukanda wa 60 ukate kila sentimita 40, upate 5. Ukanda wa 40 ukate kila sentimita 60, upate 3. Kinabaki kipande cha 20 kwa 40, usikitupe, nitakirudia. Mafundi wengi wanaanza kukata upande wowote na kutoa 6 au 7, na pengo hilo unalipa wewe.

Bati jipya linakataa rangi. Lina mafuta ya kiwandani na linateleza, na rangi iliyopakwa moja kwa moja inabanduka kwa magamba kabla mwaka haujaisha. Lisugue kwa maji ya sabuni, lipanguse kwa siki, likwaruze kidogo kwa msasa, lisuuze, likauke kabisa. Kisha paka rangi ya kwanza ya kushika bati, muulize muuzaji wa kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) ile ya mabati hasa, maana ile nyekundu ya kuzuia kutu kwenye chuma cheusi si lazima ishike hapa. Juu yake mikono miwili ya rangi ya mafuta, mbele na nyuma. Nyuma husahauliwa, na ndiko kutu inakoanzia, kwenye matundu ya boliti na kwenye kingo zilizokatwa.

Andika kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe au ya njano. Nyekundu inapendwa kwa sababu inatisha, lakini ndiyo inayochujuka kwanza kwa jua. Baada ya viangazi viwili inakuwa ya waridi na kibao kinaonekana kimetelekezwa. Kibao kilichotelekezwa kinamwambia mpita njia kwamba mwenyewe yuko mbali. Nyekundu iache iwe ya fremu na ya alama tu.

Ukubwa wa herufi uhesabu kwa umbali: sentimita 1 ya kimo kwa kila mita 3 za msomaji. Neno kubwa la sentimita 8 linasomeka mtu akiwa bado mita 24, yaani kabla hajaingia. Mistari midogo ya sentimita 4 inasomeka kwa mita 12. Kwenye upana wa sentimita 60, herufi za sentimita 8 zinaingia kama 10. "USIINGIE" inaenea vizuri. "ACCÈS INTERDIT" (marufuku kuingia) haienei kwenye mstari mmoja. Ama uigawe, ama uishushe iwe ya sentimita 5. Pima kwanza kwa penseli. Vibao vingi vya njia ya Likasi vina neno la mwisho lililobanwa pembeni kama abiria wa mwisho kwenye taksibisi.

Lugha. Kifaransa kiwepo, kwa sababu polisi na watu wa ofisi ya ardhi wanakisoma na kukiandika kwenye PV (ripoti rasmi ya kesi). Lakini mtu wa shoka anasoma Kiswahili, kama anasoma. Weka Kiswahili juu na kwa herufi kubwa, Kifaransa chini. Na hapa kuna mtego ambao fundi aliyejifunza maandishi mahali pengine hataujua: Kiswahili chetu cha Lubumbashi kinasema "kuuza" kwa maana ya kununua, na "kuuzisha" kwa maana ya kuuza. Ukiandika "SHAMBA HILI HALIUZWI", mgeni wa kutoka Tanzania ataelewa kwamba haliko sokoni, na mtu wa hapa atasikia kwamba halinunuliwi. Mwishowe wote wanaelewa usiguse, lakini "HALIUZISHWI" ndilo neno linalogonga moja kwa moja kwa mnunuzi aliyeletwa na dalali wa uongo. Mjini tumezoea kuona ukutani "PARCELLE À NE PAS VENDRE" (kiwanja hiki hakiuzishwi). Shambani ambako hakuna ukuta, kibao cha mlango mkuu ndicho kinachofanya kazi hiyo. Weka mstari huo kwenye kibao kimoja au viwili tu, vile vinavyotazama barabara ya magari, kwa maana mnunuzi anakuja kwa gari.

Vingine vyote viseme jambo mahususi. "Usiingie" tupu ni neno dhaifu kwa mtu ambaye babu yake aliwinda humo. Mwambie unachokataa:

USIKATE MITI
USICHOME MAKALA
USICHIMBE KICHUGUU
USIWASHE MOTO

Chagua moja au mawili kwa kila njia, kulingana na daftari lako. Chini yake, alama kwa wasiosoma: shoka lenye mstari wa kukatizwa, au moto wenye mstari huo. Mchoro uwe wa sentimita 15 angalau, uliojazwa rangi, si wa mistari myembamba. Halafu namba mbili za simu za mitandao tofauti, moja ya mwenye shamba na moja ya zamu (mlinzi). Namba hubadilika, kwa hiyo usiziandike kwenye kibao kikubwa cha mlangoni. Hapo ndipo kile kipande cha 20 kwa 40 kinapofaa, kifungwe chini kwa boliti mbili na kubadilishwa peke yake. Namba ya kadastre ya shamba iandike. Volume na folio (kitabu na ukurasa wa usajili) za hati yako usiandike: anayetaka kughushi karatasi asisaidiwe na kibao chako.

Kuna maneno yasiyofaa kabisa. Fuvu la kichwa na "danger de mort" (hatari ya kifo) ni la umeme. Ukilitumia kwenye majani matupu unawafundisha watoto kulidharau chini ya nguzo za SNEL, shirika la umeme. "Mbwa mkali" bila mbwa hujulikana siku ya tatu. Jina la afisa fulani wa jeshi ambaye hana hisa shambani ni uongo unaoweza kukufikisha pabaya, naye akisikia. Na mitego, misumari iliyofukiwa njiani, chupa zilizovunjwa, hivyo si ulinzi. Atakayekanyaga ni mtoto anayetafuta viwavi, na atakayeitwa mahakamani ni wewe.

Tuje kwenye nguzo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mti wa mikaratusi ni rahisi kupata, na mchwa wetu wanaumaliza chini ya ardhi huku juu unaonekana mzima. Siku moja unausukuma kwa kidole unalala. Kupaka oili chafu kunachelewesha tu. Kama ni lazima iwe mti, tafuta mubanga, kiini chake, bila sehemu nyeupe ya nje. Kugongelea kibao kwenye mti ulio hai usifanye: mti unanenepa na kumeza msumari au kupasua tole, na mti mkubwa wa miombo ulio kando ya njia ndio mchoma makala anaoutamani kwanza. Utapoteza vyote viwili.

Nguzo bora kwa bei ni ya zege, uliyomwaga mwenyewe. Sentimita 10 kwa 10, urefu mita 2.5, nondo nne za milimita 8 (ferabeto, kama tunavyosema), zikishikwa na vikuku vya milimita 6 kila sentimita 25. Nondo moja ndefu ya karibu mita 12 inatosha nguzo moja kasoro vikuku. Changanya ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga, 3 za kokoto. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa nguzo 5, ukibakiwa na kidogo. Maji yawe machache: zege linalotiririka kama uji linakauka na nyufa. Kabla ya kumwaga, pitisha vipande viwili vya bomba la plastiki mahali pa boliti, kwa sababu kutoboa zege baadaye kunapasua kona. Mwagia maji siku 7, funika kwa majani au mifuko, usizinyanyue kwenda shambani kabla ya wiki tatu. Kila moja itakuwa na kilo kama 60. Watu wawili wanaibeba.

Bomba la chuma la mraba la milimita 40 ni jepesi na linafungwa haraka. La mita 6 linatoa nguzo 2 za mita 3. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: linauzika. Karibu na mji usiliweke.

Shimo liwe la sentimita 40 kwa 40, kina 70. Usilichimbe Septemba ukitegemea jembe. Udongo mwekundu ukikauka unataka mtaimbo na siku nzima. Aprili, mvua zikiisha na ardhi ikiwa bado laini, ni mwezi mzuri. Shindilia mawe na udongo kwa tabaka za sentimita 15, na juu utengeneze kichuguu kidogo maji yasisimame. Watu wengine husimika kibao juu ya kichuguu kikubwa kwa kuwa kinaonekana toka mbali, na vichuguu vyetu vinafika mita 5. Lakini udongo huo ndio wafyatua matofali wanaoufuata. Wataanza kuchimba chini, na kibao kitashuka nacho.

Boliti za milimita 8 na washa pana, mbele na nyuma. Ukishakaza, ponda uzi uliobaki kwa nyundo mpaka nati isiweze kurudi. Halafu fanya jambo ambalo linauma kulifanya kwenye kibao kipya: toboa matundu matano au sita ya milimita 10 katikati ya nafasi zisizo na maandishi. Tole nzima ya sentimita 60 kwa 40 ni karai inayotembea. Mwizi anaiona ikiwa tayari jikoni. Tole yenye matundu haifai karai wala kiraka cha paa.

Idadi. Shamba la hekta 10 lenye umbo la mraba lina mzunguko wa karibu mita 1,265. Kibao kila mita 100 ni 13, pamoja na kimoja kwa kila njia uliyoihesabu. Pesa zikipungua, punguza vya mzunguko, vya njia usiviguse. Upande unaopakana na barabara ya taifa au reli, rudi ndani vya kutosha: mashine za kusawazisha barabara hazisomi, na eneo lile si lako.

Moto ndio unaoua vibao Katanga kuliko wezi. Mei au mwanzo wa Juni lima duara la mita 2 kuzunguka kila nguzo mpaka ubaki udongo mtupu. Mioto ya Septemba na Oktoba inakuta majani makavu marefu na inababua rangi yote kwa dakika chache, hata kama nguzo ya zege inabaki. Baada ya hapo Februari majani yamerudi, na Machi yamempita mtu mrefu. Kibao chenye kimo cha mita 1.8 kinatoweka kabisa. Mlipe mtu afyeke mita 5 mbele ya kila kibao mara mbili, Januari na Machi. Gharama hiyo watu wanaisahau wanapopanga bajeti, wakashangaa kwa nini wavamizi huja wakati wa mvua.

Siku ya kumaliza, piga picha kila kibao, simu ikiwa imewasha GPS, jiwe la mpaka au njia vikionekana ndani ya picha hiyo. Vipe namba nyuma kwa rangi: 1, 2, 3. Orodha hiyo pamoja na picha, nakala moja iwe kwa mzee chefu na moja kwa zamu. Kibao namba 7 kikiondolewa, zamu anampigia simu chefu siku hiyohiyo, chefu anafika kuona, ndipo unakwenda kwa OPJ na picha ya kabla na ya baada. Kikirudishwa ndani ya siku tatu, mara nyingi hakiondolewi tena. Kwa hiyo kila unapotengeneza 8, simika 7, cha nane kikae kwa zamu kikiwa na boliti zake.